Kompyuta isiachiwe kutamka nani ana seli mundu

Mhariri,

Seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ikizungumzwa hapa Uganda, hakosekani mtu wa kusema kwamba kompyuta sasa itasoma DNA ya mtoto na kutoa jibu. Kusoma itasoma. Jibu ndilo lenye masharti.

Ugonjwa huu huanzia kwenye herufi moja ya DNA katika jeni ya HBB, kromosomu ya 11, inayoelekeza utengenezaji wa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni: herufi tatu GAG zinageuka GTG, na katika mnyororo wa asidi amino unaounda protini hiyo, valini inakalia nafasi ya 6 iliyokuwa ya asidi ya glutamiki. Programu nyingi za kukadiria madhara ya mabadiliko ya jeni hutazama kama nafasi hiyo haibadiliki kwa wanyama mbalimbali, na kama umbo la protini litaharibika. Hapo seli mundu inaweza kuziponyoka, maana himoglobini yenye valini hujikunja vizuri tu. Balaa huja oksijeni inapopungua: molekuli hushikana, zikafanya nyuzi ndefu zinazopinda chembe nyekundu. Anayepima molekuli moja kwenye kompyuta hatauona mshikamano huo. Aweke kadhaa pamoja, zikiwa zimebanana na hazina oksijeni.

Makosa mengine ni uzembe mtupu. DNA ina nyuzi mbili zinazokabiliana, A ikikaa mkabala na T; HBB husomwa kwenye uzi wa nyuma ilhali faili hufuata wa mbele, hivyo A kuwa T huandikwa kwenye faili kama T kuwa A. Tena ramani ya DNA ya binadamu ina matoleo: katika GRCh37 herufi hiyo ni ya 5248232 kwenye kromosomu, katika GRCh38 ni ya 5227002. Ukichanganya ramani, programu itakagua herufi nyingine bila kulalamika! Na ile nafasi ya valini, wanaohesabu methionini, asidi amino ya mwanzo wa mnyororo, huiita ya 7, si ya 6.

Zaidi ya yote ni watu wa kulinganishia, yaani wale ambao DNA yao hutumika kuamua kama badiliko ni la kawaida au la. Mwaka 2016 ilibainika Marekani kwamba wagonjwa weusi waliambiwa wana mabadiliko ya jeni yaletayo ugonjwa wa misuli ya moyo, kumbe ni ya kawaida kwa weusi wenye afya. Sisi tuna data ya DNA ya Waganda wapatao 6,400, iliyochapishwa 2019, lakini ilikusanywa kusini magharibi. Watu wa Karamoja na West Nile, mikoa ya kaskazini, nasaba zao ni nyingine.

Kwa mtoto mchanga, tone la damu ya kisigino na kipimo cha kutenganisha himoglobini kwa umeme vinatosha. Programu za kukadiria zitumike kwa mabadiliko yasiyojulikana bado, na ripoti itaje ramani, toleo la programu na watu waliolinganishwa. Isipotaja, daktari airudishe maabara.

Mchambuzi wa data za jeni,
Kampala