Hiyo damu ilitolewa saa ngapi?

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Nafanya kazi maabara na kuna jambo linaniuma kila kukiwa na joto: damu ya mama mjamzito inatolewa asubuhi, inasahaulika mezani, inapakiwa kwenye gari la moto, inatufikia kesho yake jioni na fomu haina hata saa ya kutolewa, afu tunatakiwa tupime kama vile imetoka mkononi sasa hivi.

Watu wanadhani damu ikishaingia kwenye tyubu imetulia. Haijatulia. Kipimo cha wiki ya 11 mpaka karibu 14 ya mimba, kile cha kukadiria uwezekano wa mtoto kuwa na Down sindromu (tatizo la kromosomu la kuzaliwa nalo), tunaangalia PAPP-A, ambayo ni protini ya mimba, na beta-hCG huru, yani kipande cha homoni ya mimba hCG kinachoelea peke yake, na hiyo beta huru ni kidogo mno, kama asilimia 1 tu ya hCG yote au chini ya hapo, sasa joto linaivunja hCG nzima taratibu na hata ikivunjika kidogo tu beta huru inaruka juu. Na beta ikiwa juu ndo inasogeza hesabu kuelekea Down sindromu. Yani mama anaambiwa yuko kwenye kundi la hatari, halali usiku, anapelekwa kuchomwa sindano tumboni ya kuchukua maji ya uzazi, ambayo yenyewe ina hatari ndogo ya mimba kuharibika, kumbe kilichopanda ni joto la gari!

Kwenye kipimo cha DNA, kile kinachotafuta DNA ya upande wa mtoto inayoelea kwenye damu ya mama, ni kinyume. Chembe nyeupe za mama zinapasuka na kumwaga DNA yake, ile ya upande wa mtoto inazidi kumezwa, ikishuka chini ya asilimia 4 hivi maabara nyingi hazitoi jibu. Na jamani msigandishe damu nzima, barafu nayo inapasua chembe.

Kwa kipimo cha kwanza, seramu (maji ya damu bila chembe) itenganishwe mapema ndo isafiri, ikae nyuzi 2 hadi 8. Ya DNA kama ni tyubu ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), plazma, yani maji yake bila chembe, itolewe ndani ya saa 6 hivi, la sivyo tumieni tyubu zenye dawa ya kulinda chembe. Na saa iandikwe, hiyo haihitaji hata mashine.

Na sisi wa maabara tuna kosa letu, tunapokea kwa kumwonea mama huruma asirudi kuchomwa tena. Mimi nimeacha, siku hizi nairudisha, na naomba akiitwa tena aambiwe wazi kwamba damu ya kwanza ilitunzwa vibaya, sio yeye wala mtoto wake mwenye shida.

Mfanyakazi wa maabara