Mkitoka na watoto, rudini na kitu cha mkononi

Wanangu, wakazamwana zangu, na nyote vijana wenye watoto wadogo hapa mjini Unguja,

Assalaam alaykum. Barua hii nasema mimi, anaandika mjukuu wangu. Makosa ya herufi mdaini yeye, ya maneno nidaini mimi.

Jumapili iliyopita nilikaa Forodhani baada ya laasiri, upande ule wa ukuta wanaochupia vijana. Nilikuwa na ukili wangu mfukoni, ule msuko mrefu wa kushonea mkeka, nikautoa nikaendelea kusuka, maana mikono yangu haijui kukaa bure. Pembeni yangu walikuwa watu watano, baba, mama na watoto watatu. Baba yuko kwenye simu, mama anawapanga wale wawili wakubwa awapige picha na miwa yao. Yule mdogo, kama miaka 6 hivi, akajivuta hadi kwangu.

"Bibi, hiyo umenunua wapi?"

Nikamwambia sijanunua, nasuka.

"Kwa mashine gani?"

Nikamwonyesha vidole. Akaviangalia, akaangalia na vyake. Nikampa ncha ya ukili aishike ili mimi nivute, akaishika kwa mikono miwili kama aliyepewa kamba ya ng'ombe. Mara mama yake akaita, "Njoo huku, usimsumbue bibi." Mtoto akaondoka. Wallahi hakuwa akinisumbua.

Siandiki kumsema yule mama. Alikuwa amewatoa watoto wake, amewavalisha, amelipa nauli, na foleni ya urojo amesimama yeye. Nyinyi mna jambo ambalo sisi hatukuwa nalo: mnatenga siku nzima kwa ajili ya watoto. Wazazi wetu hawakututoa kutembea, ila Idd moja tu. Walitutuma, au walitukokota kwenye shughuli zao. Nataka niwaambie habari ya huko kukokotwa, kwa sababu nadhani mna nusu ya kitu kizuri na nusu nyingine mmeiacha nyuma.

Mimi ni mtoto wa Jambiani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya upande wetu hukauka kama saa 4 au 5 asubuhi, na yakikauka yanakwenda mbali mpaka mgeni adhani bahari imehama. Mama alikuwa na shimo lake la makumbi, yale maganda ya nazi yenye nyuzi, kule pwani, kalizungushia mawe, kama walivyokuwa na mashimo yao wanawake wote wa kijiji. Makumbi ya nazi yanafukiwa humo miezi mitano, sita, mpaka yaoze yalainike. Siku ya kuyafukua twende sote. Harufu yake sikuelezeeni. Mwenye kuijua ameshaziba pua hapo alipo. Tukiyafukua tunayabeba hadi kwenye mchanga mkavu, wakubwa wanaponda, sisi wadogo tunasuuza zile nyuzi, tunazianika, na katikati ya kusuuza tunakimbizana na kaa, tunaokota kome, tunakimbiza vingalawa vyetu vya kuchonga kwenye vidimbwi vilivyoachwa na maji. Jioni, nyumbani, usumba, ndizo nyuzi hizo, umekauka, mama anausokota pajani kamba inatoka. Nami nasokota yangu, nene hapa, nyembamba pale, kama nyoka aliyemeza panya.

Ile kamba mbaya ilifungiwa mbuzi. Nilipita pale kwa mbuzi kila siku kuiangalia.

Hakuna aliyeita siku ile matembezi. Lakini nikikumbuka utoto wangu nakumbuka hiyo, na Idd pale Mnazi Mmoja tulipoletwa mjini mara moja, basi. Na ya Mnazi Mmoja nakumbuka vumbi zaidi.

Ndiyo maana nasema: mkitoka na watoto, nendeni penye kitu cha kuchukua, mrudi nacho nyumbani, mkifanye. Matembezi yasiishie getini mkishuka kwenye gari kila mtu akashika njia yake. Pweza wa Forodhani ni mzuri sana, mimi mwenyewe nakula. Ila ukishamla amekwisha, na Jumatatu mtoto hana cha kuendelea nacho.

Chukueni mfano wa njia hiyo hiyo ya kwetu. Gari ya 309 inapita Jozani, na wengi wenu mmewahi kuwapeleka watoto mle kuona kima punju, au skuli imewapeleka. Vizuri. Kima yule ni wa Zanzibar peke yake, na kuna jambo lake moja ambalo halimtoki mtoto akilini: anakula makaa. Anachukua makaa ya kuni zilizoungua anayatafuna, kwa sababu majani ya miembe na mikungu anayopenda yana sumu ndani yake, na makaa yanaipunguza. Mwambieni mtoto hilo mkiwa mmesimama chini ya mti wenyewe. Kisha mwonyesheni, kwenye majimaji, mkindu. Mti wenye miba, unaota kwa makundi. Mwambieni ule mkeka wa bibi ulitoka humo.

Lakini msikate! Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na hata kabla ya hapo wazee walikuwa na adabu ya mkindu. Ukindu unachukuliwa kwenye kuti changa ambalo halijafunuka, lile la katikati, na ukikata kila likichomoza mti unadhoofika. Bandu bandu humaliza gogo. Ukindu mnunue kwa wenye nao shamba au sokoni, mafungu yapo, na mkimuuliza muuzaji kautoa wapi mtapata hadithi ya bure. Zamani rangi nyeusi tuliipata kwa kuchemsha mizizi ya mdaa. Siku hizi ni rangi za unga za dukani, nyekundu, zambarau, kijani kinachoumiza macho, na mimi sina ugomvi nazo. Kuchovya ukindu kwenye sufuria ya rangi ni kazi ambayo watoto watagombania. Tumieni sufuria mbovu.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kuparuka.

Binti yangu wa pili nilimfundisha ukili akiwa na miaka 8. Alikuwa na mikono kuliko mimi. Chane zake, vile vipande vyembamba vya ukindu vya kusukia, zilitoka sawa kama zimepimwa. Mikeka ilikuwa inanipa pesa wakati ule, nikaona nimepata msaidizi. Nikamwekea pima 2 kwa siku. Asubuhi skuli, mchana chuo cha Kurani, jioni ukili, na usiku napima kwa mikono yangu, nikinyoosha huku na huku, na zikipungua hali chakula mpaka zitimie. Kuna siku nilikuta ukili chini ya kitanda, kaufumua alioumaliza jana kausuka upya ili nione ni wa leo. Nikampiga. Mtoto aliyefanya kazi mara mbili nikamwita mvivu.

Leo ana nyumba yake Dar es Salaam, nzuri mashaallah, na ndani hamna mkeka hata wa dawa. Sebuleni katandika wa plastiki, wa maua. Nilimpelekea msala, mkeka wa kusalia, niliousuka mwenyewe, nikaukuta mwaka wa pili juu ya kabati, haujakunjuliwa. Nilipomuuliza hakunificha: "Mama, harufu ya ukindu inanipa kichwa." Alisema taratibu, kwa heshima, kisha akaenda kuniletea chai.

Kwa hiyo mnaposikia watu wanasema watoto wa siku hizi wameiacha mikeka kwa sababu ya simu, mimi nakaa kimya. Wangu hakuwa na simu. Aliachishwa na mimi. Na nawaona baadhi yenu, kina mama mliosoma, mna tabia yangu ile ile kwa sura nyingine: mtoto akishika uzi tu mnataka umalizike, uwe mzuri, upigwe picha, upelekwe skuli upate alama. Mwacheni asuke shibiri moja autupe. Ukili wa shibiri moja unafaa kufungia daftari, unafaa kumfunga paka, haufai kitu pia unafaa.

Na kina baba msijifiche nyuma ya kanga zetu. Kofia za viua mnazovaa Ijumaa, wiki kwa wiki mtu kainama na sindano anatoboa na kuzungushia uzi, nyingine miezi. Nanyi mnaiacha kwenye kiti cha mbele inachomwa jua. Hebu siku moja mwonyesheni mtoto kile kitundu kimoja kwa karibu, mwambieni ahesabu mstari mmoja tu. Kushona sikudaini. Tiara nakudaini, maana tiara kila mwanamume wa mji huu alikuwa anaijua akiwa na miaka 10. Chelewa mbili kutoka kwenye fagio (wake zenu wataona, ombeni ruhusa), gazeti, gundi ya unga wa ngano uliopikwa ukawa mzito, na mkia wa kanga kuukuu. Mkia mfupi tiara inazunguka kama kichaa, mkia mrefu hainyanyuki; hapo ndipo baba na mwana watakaa saa nzima wanakata na kuongeza. Mwaka jana mwanangu na mwanawe waliirusha yao mtaani, ikanasa kwenye nyaya za umeme, na baba mtu akataka kuifuata na fito. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nendeni uwanjani au pwani, na ikinasa kwenye waya isameheni.

Anayeanza, aanze na kuti bichi la mnazi. Halina gharama na linasameheka. Kititia cha kukimbia nacho kwenye upepo, saa ya mkononi, miwani, mpira. Mkifika shamba au pwani muombeni mwenye mnazi kuti moja, nanyi wazazi msione haya kusema mmesahau. Vidole vitakumbuka kabla yenu. Baada ya hapo ukili wa chane tatu. Mtoto wa kike aliyewahi kumsuka mwenzake nywele anaujua tayari, mwambieni ni ule ule. Wa chane nne na kuendelea unataka mtu wa kukaa naye, na mimi nipo, baraza yangu mnaijua.

Mtauliza vya nini vyote hivi na vitu vipo dukani. Sitakudanganyeni kwamba mtaokoa pesa. Ukihesabu ukindu, rangi na siku zako, mkeka wa plastiki ni rahisi. Lakini kikapu kimoja nitakisemea. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku sisi Zanzibar mwaka 2006, Bara wakafuata tarehe 1 Juni 2019, na kila zuio likija nafikiri sasa vikapu vya miyaa vitarudi sokoni. Vinarudi kwa wageni hotelini, vimeshonewa vifundo vya sufi. Sisi tumeshika viroba. Mtoto akisuka kikapu kibovu, nendeni nacho sokoni Darajani mkatie ndimu tatu na bizari. Muuza ndimu ataongeza ya nne, nimeona.

Makumbi yenyewe yamepungua Jambiani. Mwani ulipoingia mwishoni mwa miaka ya 1980 wanawake wengi waliona pesa yake inakuja haraka kuliko ya kamba, wakayaacha mashimo, na sikuwalaumu. Mdogo wangu alijenga nyumba kwa mwani. Lakini wapo wachache bado wanafukia. Shemeji yangu ni mmoja, naye kaniambia shimo lake limeiva.

Nimehesabu. Jumapili iliyopita ilikuwa bamvua, ndiyo maana vijana wale walikuta maji yamejaa alasiri wakachupa. Bamvua jingine linaangukia Jumapili ya wiki ijayo. Nitapanda gari saa 1 asubuhi ili maji yakikauka tuwe tumeshafika na kunywa chai. Anayetaka kuja na watoto wake aje. Nguo za kuchafuka, maana harufu haitoki kwa mfuo mmoja. Viatu vya plastiki kwa ajili ya mawe na vitu vya kuchoma miguu. Maji ya kunywa, na kanga moja ya kukalia. Wali na samaki shemeji atapika, mchele tuchangie. Nijulisheni idadi kabla ya Alhamisi kwa mjukuu wangu huyu, yeye ndiye mwenye simu.

Kule kuna nyundo za miti za kupondea tatu tu, mbili nzito. Ile nyepesi ni ya watoto, wazazi msiiguse. Picha pigeni mkimaliza, mikono ikishakauka.

Na binti yangu wa Dar nimemwambia. Amesema ataangalia kama atapata boti ya Jumamosi.

Wabillahi tawfiq,
Bibi yenu wa Kikwajuni