Rafiki yangu anaiba umeme: nimtaje au ninyamaze?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo lililoninyima usingizi tangu masika yaanze, ambalo naamini wasomaji wako wengi wanalo majumbani mwao au kwa majirani zao, ingawa hulizungumza kwa kunong'ona. Rafiki yangu, ambaye urafiki wetu una miaka ishirini na saba, anaiba umeme. Neno hilo nalitumia kwa makusudi, kwa kuwa mitaani kwetu tumezoea kusema kwamba fulani "ameruka mita" au "amewekewa ya moja kwa moja", na maneno laini ya namna hiyo humfanya mhusika ajione mjanja, nasi tunaomjua tujione hatuna la kufanya.

Nililigundua bila kulitafuta. Tulikuwa nyumbani kwake tukipika kwa ajili ya hitima ya mama yake, na asubuhi nilipopita ukutani penye kile kidude cha kuingizia tokeni niliona zimebaki uniti 6.4, nikamwambia anunue umeme mapema usije ukakatika wageni wakiwa wamejaa. Akasema atanunua. Kutwa nzima friji zake mbili kubwa za barafu zilinguruma uani, jiko la umeme liliwaka, watoto walipiga pasi kanzu za kaka zao, na jioni nilipopita tena pale ukutani kidude kilisoma uniti zilezile 6.4. Nilisimama pale nikiwa na sahani mkononi, naye akaniona ninavyokitazama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, usiniulize leo."

Nilirudi baada ya siku tatu nikamwuliza. Hakunificha. Alimleta kishoka, mmoja wa wale mafundi wasio na leseni wanaojulikana mtaa mzima, akamlipa shilingi 80,000, naye akapanda darini akaunga waya mwingine kwenye ule unaotoka nguzoni kabla haujaifika mita, akausambaza ndani ya nyumba na kuupitisha juu ya bati hadi kwenye banda la uani zilipo friji. Nilipoinua macho nilikiona kiungo chenyewe kimechungulia pembeni mwa dari, kimefungwa kwa mfuko wa nailoni uliozungushiwa kamba. Waya wenyewe ulikuwa umelala juu ya bati, na kwenye boriti inayoshika bati lilelile ndipo ulipofungwa waya wa chuma wa kuanikia nguo, ambao wapangaji wake wanne na watoto wao huutumia kila siku. Tangu hapo kishoka huyo hurudi kila baada ya miezi miwili au mitatu "kuomba ya soda", na rafiki yangu humpa, kwa sababu anajua kwamba kijana yule ameishika siri yake.

Alinipa sababu zake, nami nataka kuzieleza kwa haki kwa sababu si mtu mbaya. Aliniuguzia mwanangu nilipokuwa kwenye semina ya walimu, na mume wangu alipofariki alilala nyumbani kwangu siku kumi. Anasema umeme ni ghali, kwamba kila mtu anafanya hivyo, na kwamba hata tukilipa fedha zenyewe huliwa na wakubwa.

Kuhusu ughali nilipiga naye hesabu mezani. Mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na akiongezewa kodi na tozo hufika 122, yaani kwa uniti zote 75 ni shilingi 9,150. Yeye hayumo katika kundi hilo, kwa sababu ana biashara ya barafu na juisi ya ukwaju, hivyo bei yake ni ile ya kawaida ya shilingi 292, ambayo pamoja na kodi na tozo inakaribia 356. Tukikadiria uniti 150, zinakuwa shilingi 53,400 kwa mwezi. Si fedha ndogo, nakiri. Hata hivyo nyumba ya tano kutoka kwake yupo mjane anayeuza barafu zilezile, ambaye hununua umeme kila wiki kwa simu yake, na ambaye mwaka jana alilazimika kupandisha bei, wanafunzi wakamhama wakaenda kununua kwa rafiki yangu. Huyu mjane hajui kwa nini ameshindwa. Anadhani hana bahati. Watu husema umeme ukiibwa linaloibiwa ni shirika la umeme, na shirika halina uso wala machozi. Mimi nimeona uso wa anayeibiwa, na napita mbele ya genge lake kila siku nikienda sokoni.

Wapo pia wapangaji wake, ambao mita yao ni moja na huchangishana fedha za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kila mwisho wa mwezi. Kwa kuwa familia nne zikitumia mita moja huvuka uniti 75 kwa urahisi, wao wenye vyumba kimoja kimoja hulipia bei ya 356, huku mwenye nyumba akigandisha barafu bure ukuta wa pili. Jioni taa zao hufifia na feni huzunguka kwa uchovu, na mmoja wao redio yake imeungua, kwa sababu transfoma iliyokadiriwa kubeba mzigo unaojulikana inabeba na mzigo usioandikwa popote.

Sisi wa mkoa wa Morogoro tungepaswa kuwa wa mwisho kusema kwamba umeme ni wa serikali hivyo hauna mwenyewe. Kituo cha umeme wa maji cha Kidatu kiko kwetu, megawati 204 zinazotegemea maji ya mto Ruaha Mkuu yanayotunzwa katika bwawa la Mtera, na minara ya umeme inapita juu ya mashamba yetu. Tunakumbuka mgao wa mwaka 2006, na ule wa mwishoni mwa 2023, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 haijaanza kuwashwa mwaka 2024. Bwawa hilo limejengwa kwa kodi ya mjane wa barafu pia. Na shirika linapopeleka kwa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, maombi ya kubadilisha bei, umeme unaopotea njiani huwa ndani ya hesabu ya gharama, kwa hiyo asiyelipa huwa amelipiwa na anayelipa.

Kuhusu fedha kuliwa na wakubwa, nilimjibu kwamba kama anao ushahidi tuupeleke pamoja, na nitakuwa wa kwanza kutia saini. Lakini wizi wa mkubwa hauwezi kuwa leseni yetu, na kishoka anayemlipa kila baada ya miezi mitatu hajengi nguzo wala zahanati.

Sasa nifike kwenye swali lenyewe. Je, nimtaje? Utamaduni wetu una neno kali kwa anayepeleka maneno: mchongezi. Nimelelewa nikilichukia neno hilo, na darasani kwa miaka thelathini na moja niliwafundisha watoto kwamba kumchongea mwenzako ili upendwe na mwalimu ni tabia mbaya. Lakini niliwafundisha vilevile kwamba mwenzao akichezea moto bwenini waje wanigongee mlango hata usiku wa manane, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushindwa kutofautisha mambo hayo mawili. Mchongezi hutafuta faida yake, husema nyuma ya mgongo, na mara nyingi huongeza chumvi. Mimi nimesema mbele ya uso wake kwanza, sitapata chochote isipokuwa kumpoteza mtu aliyenizikia mume, na nimesema nilichokiona kwa macho.

Ule waya wa bati sikuuvumilia hata siku moja. Nilimwambia palepale kwamba usipoondolewa kabla ya jua kuzama nitakwenda ofisi ya umeme mwenyewe, kwa miguu, na kwa jina langu. Mvua ilikuwa inanyesha siku hiyo, na nilikuwa nimemwona mtoto wa mpangaji, hajafika miaka sita, akinyoosha mkono kuanua kaptula yake ya shule kwenye waya ule wa chuma. Panapokuwa na hatari ya namna hiyo sioni cha kujadili kuhusu urafiki. Anayenyamaza akazika mtoto wa mtu atasema nini msibani? Waya uliondolewa jioni ileile. Alilia, nami nililia.

Kilichobaki ni wizi wenyewe, kwa maana ndani ya dari kiungo kingali kipo. Nimempa hadi mwisho wa mwezi huu aende mwenyewe, na nimejitolea kumsindikiza na kumkopesha sehemu ya fedha atakazodaiwa. Asipokwenda, nitatoa taarifa, na amelisikia hilo kutoka kinywani mwangu. Wapo watakaoniona mkali, na wapo watakaouliza kwa nini nimempa muda wakati Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inaliita jambo hilo kosa. Nimempa kwa sababu mtu anayejirudi mwenyewe hubaki jirani, ilhali aliyefichuliwa mara nyingi hubaki adui, na mimi ninamtaka arudi.

Linalomzuia kwenda ni woga, na hapa nina ombi kwa wanaohusika. Anaogopa kwamba akijisalimisha atadaiwa mamilioni kwa mkupuo, akatiwe umeme, barafu ziyeyuke, na biashara ife siku hiyohiyo. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kidogo kidogo kupitia LUKU, na tumeizoea. Kwa nini deni la mtu aliyekuja kwa miguu yake lisikatwe kwa njia hiyohiyo, mwezi kwa mwezi, na atofautishwe waziwazi na yule aliyekamatwa? Utaratibu huo ukitangazwa redioni na kwenye mikutano ya mitaa, naamini viungo vingi vya darini vitafunguliwa na wenyewe.

Ombi la pili linahusu siri. Miaka michache iliyopita mzee mmoja wa mtaa wetu alitoa taarifa katika ofisi moja ambayo sitaitaja, na kabla ya magharibi mhusika alikuwa mlangoni kwake akimtukana, kwa kuwa mafundi waliokuja kukagua walisema bila kuulizwa ni nani aliyewaelekeza. Mzee yule hakusalimiwa msikitini kwa miezi. Nchi yetu ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi tangu mwaka 2015, lakini kinga ya mzee wa mtaani huanzia kwenye mdomo wa fundi aliyepanda ngazi. Mafundi wafundishwe kukagua nyumba zote za mstari mmoja, hata kama taarifa ni ya nyumba moja, na jina la mtoa taarifa lisitoke ofisini.

Ninapoandika barua hii zimebaki siku tisa kufika mwisho wa mwezi. Jana rafiki yangu alipita kwangu, akanywa chai, hatukulitaja jambo hilo. Alipofika mlangoni aliniuliza ofisi hufunguliwa saa ngapi.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro
(Jina limehifadhiwa)