Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wanachama wa Klabu, Kigoma

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa Kamati Tendaji, wazee wetu wa klabu na ndugu wanachama mliofika, nawasalimu nyote kwa heshima.

Shughuli za kawaida za mwaka mnazifahamu, kwa hiyo sitawachosha. Timu ya wakubwa ilimaliza ligi katika nafasi iliyotupeleka kwenye mchujo wa kupanda daraja. Timu ya vijana iliendelea na mazoezi. Bonanza la Mwanga lilifanyika, tulizikana na kuozeshana kama kawaida yetu, na jezi mpya zilipatikana, nyingi kati yake kutokana na wafadhili wa Kibirizi niliowafuata mimi mwenyewe mmoja mmoja. Taarifa ya fedha ataisoma Mweka Hazina.

Naomba sasa niingie kwenye jambo lililozungumzwa vijiweni kuliko lilivyozungumzwa katika vikao vyetu halali. Mnakumbuka kwamba baada ya vurugu zilizotokea kwenye mchezo wetu wa mwisho wa ligi, tulipewa adhabu ya kucheza mchezo wa marudiano wa mchujo ama hapa nyumbani bila mashabiki, ama Tabora, Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, tukiwa na mashabiki. Kamati Tendaji, chini ya uongozi wangu, ilichagua Uwanja wa Lake Tanganyika ukiwa mtupu. Ugenini tulikuwa tumetoka 0-0, hapa tukatoka 1-1, na kanuni ya bao la ugenini, inayolipa bao la mgeni uzito zaidi jumla ya mabao ikilingana, ikatutoa. Tangu siku hiyo yapo maneno kwamba uwanja usio na watu si nyumbani, na kwamba Mwenyekiti alitupa faida ya nyumbani na mapato ya mlangoni kwa mkupuo mmoja.

Hoja ya kwanza ina msingi, na sitaki ionekane kwamba uongozi haukuifahamu. Ligi ya Ujerumani iliporejea Mei 2020 bila mashabiki kwa sababu ya korona, katika michezo 9 ya raundi ya kwanza wenyeji walishinda mmoja tu, ule wa Dortmund dhidi ya Schalke, na walifungwa mitano. Katika msimu wa 2020/21 wa Ligi Kuu ya Uingereza, uliochezwa karibu wote mbele ya viti vitupu, wageni walishinda michezo 153 na wenyeji 144, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya ligi daraja la juu nchini humo. Wapenzi wa Liverpool waliomo humu hawajasahau kwamba timu hiyo, iliyokuwa imecheza michezo 68 ya ligi nyumbani bila kupoteza, ilifungwa kwenye uwanja wake wa Anfield mara 6 mfululizo mwanzoni mwa 2021. Kwa hiyo ni kweli kwamba mashabiki wakiondoka, sehemu ya faida ya nyumbani huondoka nao.

Lakini ni sehemu gani hiyo? Hapo ndipo wanaonilaumu hawataki kufika. Mwaka 2007 nchini Italia, baada ya askari polisi kuuawa katika vurugu za mchezo wa Catania, viwanja visivyokidhi masharti ya usalama vilichezewa bila watu, na watafiti walioichunguza michezo hiyo waligundua kwamba kilichobadilika zaidi ni filimbi ya mwamuzi, kwa sababu ule upendeleo ambao wenyeji huupata katika faulo na kadi ulipungua sana. Michezo ya mwaka 2020 ilionyesha jambo hilo hilo, kwani wageni walianza kupewa kadi za njano chache kuliko walivyozoea. Kelele za mashabiki, basi, humsukuma mwamuzi pengine kuliko zinavyomsukuma mchezaji. Safari ya mgeni, ugeni wa uwanja, joto la ziwani na usingizi wa kitanda kisicho chako havisubiri shabiki ili vifanye kazi, na ndivyo tulivyovishikilia.

Tena mchujo si ligi. Katika nusu fainali za mchujo wa kupanda Ligi Kuu ya Uingereza, Julai 2020, zote bila mashabiki, Swansea ilishinda kwake dhidi ya Brentford, Brentford ikapindua matokeo kwake kwa 3-1, Fulham ilishinda kwa Cardiff, kisha Cardiff ikashinda kwa Fulham bila kufuzu. Wenyeji wawili, wageni wawili. Mwezi huo huo Werder Bremen ilibaki ligi kuu ya Ujerumani kwa kutoka 0-0 nyumbani na 2-2 kwa Heidenheim, yaani Heidenheim ilitolewa kwa njia ile ile iliyotutoa sisi. Na hapa kwetu, ingawa haukuwa mchujo bali hatua ya makundi, Januari 2025 Simba ilicheza na CS Constantine ya Algeria katika Uwanja wa Benjamin Mkapa bila shabiki hata mmoja, kwa adhabu ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikashinda 2-0 timu iliyokuwa imeifunga 2-1 kwao. Anayesema uwanja mtupu hauna faida yoyote aueleze na mchezo huo.

Kamati haikuwa ikichagua kati ya Kigoma iliyojaa na Kigoma tupu. Ilikuwa ikichagua kati ya Kigoma tupu na Tabora, zaidi ya kilomita 400 kwa reli, ambako vijana wetu nao wangekuwa wageni. Wapinzani walikuja kwa basi kupitia Nyakanazi, Kibondo na Kasulu, wakashuka wamechoka, na kila aliyesikiliza taarifa za mchezo anajua kwamba kipindi cha kwanza kilikuwa chetu na bao letu lilipatikana mapema. Bao tulilofungwa lilitokana na kona iliyokosa wa kuiokoa, na sioni jukwaa lililojaa lingeiokoaje. Je, ni nani angekwenda kushangilia Tabora? Basi la mashabiki la mchezo wa kwanza walijiandikisha watu 19, wakalipa nauli 11, na pengo lililobaki nililiziba kwa fedha zangu, jambo ambalo sikutaka kulisema lakini nimelazimishwa. Mapato ya mlangoni ya Tabora yangemezwa na usafiri na malazi ya timu kabla hayajafika kwa Mweka Hazina.

Uamuzi huu haukufanyika gizani. Wanachama wote waliitwa kwenye kikao cha dharura, na waliofika, pamoja na viongozi, walikuwa 23. Wengi wa wanaolalamika leo hawakuwemo. Daftari letu lina wanachama 186. Waliolipa ada kamili ni 52, waliolipa nusu ni 31, na 103 hawajalipa hata shilingi. Inaniuma sana, ndugu zangu, kuona mtu asiyelipa ada kwa mwaka mzima akidai hesabu ya mapato ya mlangoni ya mchezo mmoja. Naomba pia kieleweke kwamba adhabu ile haikuletwa na uongozi. Ililetwa na mawe yaliyorushwa kutoka jukwaa letu, na waliorusha tunawafahamu.

Kuhusu mwaka ujao, tunatarajia kuimarisha ulinzi wa jukwaa kwa kutumia wanachama wenyewe, kuwatafuta wafadhili zaidi na kuangalia namna ya kuwapatia vijana kambi bora kadiri hali itakavyoruhusu. Aidha, tutawaandikia wasimamizi wa mashindano kuwaomba watafakari kanuni ya bao la ugenini, ambayo UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, iliifuta mwaka 2021 baada ya kuona ushindi wa wenyeji katika mashindano yake umeshuka kutoka asilimia 61 katika miaka ya sabini hadi asilimia 47. Ikiwa faida ya nyumbani imepungua kiasi hicho hata viwanja vikiwa vimejaa, sioni haki ya kuipa bao la mgeni uzito wa ziada katika uwanja ambao mwenyeji amezuiwa kuingiza watu wake. Rasimu ya barua hiyo nimekwisha kuiandika na iko kwa Katibu.

Ndugu wanachama, naomba kuwasilisha.