Mlonge umepimwa kwenye nini?

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu habari za mitishamba zinazotoka kila mara chini ya vichwa kama "Wanasayansi wathibitisha mlonge hutibu uvimbe." Kazi yangu ni ya maabara, na vipimo vinavyotajwa humo navijua. Sina ugomvi na mlonge. Ninachotaka ni msomaji aambiwe ulipimwa kwenye nini.

Kipimo kinachotumika sana cha antioksidanti (vitu vinavyozima molekuli haribifu) hutumia DPPH, kemikali ya rangi ya zambarau. Majani hukaushwa, husagwa na kulowekwa kwenye spiriti, yaani ethanoli au methanoli, kisha huchujwa na kukaushwa tena. Kinachobaki ndiyo dondoo. Ukiitia kwenye DPPH, zambarau hufifia ikawa njano, na mashine husoma rangi iliyosalia kwa mwanga wa nanomita 517. Ni kipimo kizuri na rahisi, hata chuo chenye fedha kidogo hukimudu. Lakini chai ya rangi nayo huifuta zambarau hiyo, na karafuu vilevile. Humo hamna damu, hamna ini, hamna tumbo la kumeng'enya.

Mwilini mambo hugeuka. Huko Ufini, katika utafiti uliotangazwa mwaka 1994, wavuta sigara zaidi ya 29,000 walifuatiliwa kwa miaka. Waliopewa vidonge vya beta karotini, antioksidanti iliyotarajiwa kuwakinga, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao.

Kwenye uvimbe, panya hudungwa karajenani unyayoni (kitu hichohicho kinachotolewa kwenye mwani wa akina mama wa Paje na Jambiani), mguu ukavimba ukapimwa saa hadi saa. Baadhi huwa wamepewa dondoo, wengine diklofenaki, dawa ya hospitali ya kutuliza maumivu na uvimbe. Dozi ya miligramu 400 kwa kila kilo ya panya ni ya kawaida. Ukiihamisha kutoka panya hadi mtu kwa kanuni inayotumika, mtu wa kilo 60 atahitaji karibu gramu 4 za dondoo kavu, wala si unga wa majani unaouzwa kwenye vikopo stendi. Na huo ni uvimbe wa saa chache. Magoti yenye baridi yabisi ya miaka hayajaguswa.

Mgonjwa akisoma "imethibitishwa" anaweza kuacha dawa za hospitali. Hilo ndilo linaloniuma.

Basi waandishi wenu wawaulize watafiti: ni majani, magome au mizizi? Mizizi ya mlonge ina sumu ambayo majani hayana. Ililowekwa kwenye spiriti, au kwenye maji kama tufanyavyo nyumbani? Kuna binadamu yeyote aliyepewa? Na kama ni panya tu, tafadhali andikeni "kwa panya" kwenye kichwa cha habari, si katika aya ya mwisho.

Msomaji wako,
Morogoro