Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Otopailoti Katika Boti Zetu

Ndugu wanachama, Assalamu alaikum.

Taarifa ya mwaka huu nimeielekeza karibu yote kwenye jambo moja, kwa sababu ndilo lililochukua fedha nyingi za mfuko wa chama na ndilo lililozua maneno mengi kuliko yote hapa bandarini, nalo ni kufungwa kwa otopailoti, yaani kifaa kinachoshika usukani chenyewe, katika boti mbili kati ya tatu tulizonazo. Hesabu za mapato na matumizi atazisoma mweka hazina, na habari za ada na wanachama wapya zimo katika taarifa ya katibu. Mimi nitaeleza tulichokifunga, kilichotusaidia, kilichotutia hofu, na sababu ya kamati kukataa kwa sasa kuifunga boti ya tatu.

Wanaorambaza mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya kisiwa na bara, wanajua adha iliyotufikisha hapa. Boti ikitoka Wete na kupita nje ya mwamba, hukokota mishipi kutwa nzima ikitafuta jodari na nguru, na muda wote huo mtu mmoja kati ya wanne hana kazi nyingine ila kushika usukani. Samaki wawili wakinasa kwa pamoja, mikono haitoshi. Usiku wa kurudi, yule aliyeshika usukani tangu alfajiri ndiye huyo huyo anayetakiwa kuuona mwamba kwa macho mekundu ya chumvi na usingizi. Mkutano mkuu uliopita ulipoidhinisha ununuzi, hoja iliyoshinda ilikuwa hiyo ya uchovu, wala haikuwa hamu ya kuwa na vitu vya kisasa.

Kifaa chenyewe kina sehemu nne zinazofanya kazi kwa pamoja. Kuna dira ya umeme inayosoma omo, yaani mbele ya boti, inaelekea wapi, kuna kompyuta ndogo inayolinganisha usomaji huo na mwelekeo uliopangwa na nahodha, kuna pampu inayosukuma mafuta ya haidroliki ili kugeuza usukani, na kuna kibao cha vitufe mbele ya nahodha. Omo ikipotoka digrii chache, pampu husukuma, usukani hugeuka, na omo hurudi. Ni kazi ile ile anayoifanya msukani aliye macho, isipokuwa hiki hakisinzii, na wala hakioni.

Ufungaji wa kwanza ulikuwa na kasoro, na ninaona ni haki wanachama waijue. Fundi tuliyemwita aliiweka dira ya umeme ndani ya sanduku la chini ya benchi, karibu na mlango wa mashine, kwa kuwa hapo palikuwa rahisi kupitisha waya. Safari ya majaribio nilikuwamo mimi mwenyewe. Bahari ilikuwa shwari, na boti ilikwenda sawa kwa muda, kisha ghafla ikageuka kushoto kama iliyoitwa, digrii kama 20 hivi, ikakaa hapo, na baadaye ikarejea yenyewe. Tukalaumu mkondo, tukalaumu upepo, tukafungua kifuniko cha pampu tukitafuta hewa katika mipira ya mafuta. Mara ya tatu ndipo nilipomwona baharia mmoja akiinyanyua redio yake kutoka juu ya lile benchi ili isipigwe na maji, na omo ikarudi mahali pake pale pale. Alikuwa akisikiliza mpira. Kila alipoiweka redio juu ya sanduku, sumaku ya spika iliivuta dira, na mashine, kwa utiifu wote, ikaifuata dira iliyodanganywa.

Tangu siku hiyo dira zimehamishwa, ziko katikati ya boti, zaidi ya mita moja kutoka kwenye chuma chochote kikubwa, na mahali hapo pamepigwa rangi nyekundu. Spana, nanga, redio na simu haziwekwi ndani ya duara hilo. Baada ya kuhamishwa, kila boti ilipelekwa nje wakati wa maji mafu, yaani maji yasiyojaa wala kupwa sana, asubuhi isiyo na upepo, ikazungushwa polepole duara zima zaidi ya mara moja, ili kompyuta ipime jinsi chuma cha boti yenyewe kinavyoipotosha dira na kusahihisha. Kazi hii haikwishi kwa mara moja. Mashine ikibadilishwa, au kitu kizito cha chuma kikiongezwa au kuondolewa, duara lirudiwe.

Sasa niseme kuhusu jambo ambalo limewachanganya wengi, hata manahodha wazoefu. Otopailoti inaposhika mwelekeo wa dira, inashika omo tu, haishiki njia. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini, na wakati wa kusi, yaani msimu wa upepo wa kutoka kusini, unaongezeka nguvu. Boti inayorudi Pemba kutoka upande wa bara kwa mwendo wa maili 6 za baharini kwa saa, omo ikiwa mashariki kabisa, huku mkondo ukiisukuma maili 2 kwa saa, baada ya saa 3 itakuwa imepelekwa maili 6 kaskazini ya pale nahodha anapodhani yupo, na wakati wote huo kibao kitaonyesha kwamba kila kitu ni sawa. Zamani msukani aliyezitazama alama za nchi kavu alilisahihisha hilo bila hata kulitaja.

Kifaa kikiunganishwa na GPS kinaweza kufuata njia badala ya omo, na hapo boti hukata maji upande upande kama kaa ili kuushinda mkondo. Hili ni jema, lakini lina mtego wake. Mashine huvuta mstari ulionyooka hadi kwenye nukta iliyopewa, na haijui kama kati ya nukta mbili kuna tumbawe. Mwezi wa Julai nahodha wetu mmoja, akirudi alfajiri, aliweka nukta ya mwisho gatini Wete badala ya nje ya mlango wa Fundo, uwazi wa kupitia kwenye mwamba. Mstari ukapita juu ya mwamba. Kwa bahati alikuwa amesimama, akaliona povu jeupe mbele ya omo, akabonyeza kitufe na kushika usukani kwa mkono. Alikuja kunieleza mwenyewe kabla sijasikia kwa wengine, na namshukuru kwa hilo. Kuanzia hapo kamati imeagiza kwamba nukta ya mwisho ya kila njia iwe maili moja nje ya mlango wa mwamba, na kutoka hapo kwenda ndani ni mikono ya binadamu tu, iwe mchana au usiku, bamvua, yaani maji makubwa, au maji mafu.

La meli ndilo linaloninyima usingizi zaidi. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, katika kanuni ya 5, zinataka kila chombo kiwe na mtu wa kutazama na kusikiliza wakati wote, na hakuna kifaa kinachoondoa wajibu huo. Kuna na jingine ambalo wengi wetu hatukulijua mpaka lilipotafutwa: chombo kinachorambaza hakihesabiwi kuwa kinavua kwa maana ya kanuni hizo, kwa kuwa mishipi ya kukokota haikizuii kugeuka. Kwa hiyo hatuna haki ya kupishwa kwa sababu tu tumetoa mishipi, wala hatupaswi kuwasha taa nyekundu juu ya nyeupe za mvuvi aliyetega. Meli inayokwenda maili 15 kwa saa inamaliza maili moja kwa dakika 4. Ikija uso kwa uso na boti yetu, muda huo haufiki hata dakika 3. Anayeingia chini kuchemsha chai na kuiacha otopailoti peke yake, birika halijachemka meli iko juu yake.

Vilevile mtu akianguka baharini, boti haitamsubiri, itaendelea na mwelekeo wake kama ilivyoagizwa. Ndiyo maana tumeamuru kwamba usiku asiende mtu tezini, yaani nyuma ya boti, bila kujifunga kamba, hata kwa haja ndogo. Vijana wamecheka, lakini wanajifunga.

Kuhusu faida, manahodha wote wawili wanakubali kwamba wanarudi na nguvu zaidi, na kwamba samaki wanapandishwa haraka kwa kuwa mkono wa nne umepatikana. Mstari ulionyooka ni mfupi kuliko wa nyoka, hivyo mafuta kiasi yanaokolewa, ila asitarajie mtu kujenga nyumba kwa tofauti hiyo. Bahari ya kusi inapokuja kwa nyuma, kifaa huchelewa, tezi hunyanyuliwa na boti hutaka kulala ubavu, na hapo hushikwa kwa mkono. Mwendo ukipungua sana, kama wakati wa kuvuta samaki mkubwa, usukani haupati maji ya kuusukuma na kifaa huhangaika bure, kwa hiyo kizimwe.

Boti ya tatu ni mashua ya mbao yenye kana, yaani mti wa kugeuzia usukani kwa mkono, na kwa kana upo mkono wa umeme unaosukuma na kuvuta, usio ghali kama pampu. Tatizo lake ni umeme. Ina betri moja tu inayotumika pia kuwasha mashine. Kifaa kikila wastani wa ampea 3, safari ya saa 10 inamaliza ampea-saa 30, na betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu. Ukiongeza taa na GPS, umeshafika ukingoni, na mashine ikizimika nje ya mwamba hakutakuwa na cha kuiwashia. Kwa sababu hiyo kamati inaomba mkutano uidhinishe kwanza betri ya pili yenye swichi yake na waya mnene zaidi, na suala la kifaa lirudi mezani baada ya kusi.

Wazee wamelalamika kwamba vijana watasahau kuendesha. Nimekubaliana nao kwa sehemu. Kila baharia atashika usukani kwa mkono katika nusu ya kwanza ya safari ya kwenda, na nahodha ataandika jina lake katika daftari la boti. Madaftari mapya yako kwa katibu, na kila nahodha achukue lake leo kabla ya kuondoka.