Watafiti wawaulize wazee kuhusu msiba

Mhariri,

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi mjini Songea kwa unyama wa Wajerumani katika Vita vya Majimaji, vita vya wananchi waliopinga utawala wao (1905–1907). Watafiti wengi huhesabu waliokufa. Naomba wawaulize wazee wetu jambo jingine: msiba ulikaliwaje pasipo mwili wa kuzika? Tanga liliondolewa lini, na jina la marehemu alirithi nani? Fuvu linaloaminiwa kuwa la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani kabla ya Majimaji, lilirudi Kalenga, Iringa, mwaka 1954, miaka 56 baada ya kifo chake. Ukoo wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani wakati wa Majimaji, bado unadai kichwa cha babu yao.

Vyuo vya Iringa na Mbeya vitume wanafunzi wenye subira, waketi na wazee kwanza, kinasa sauti baadaye. Nakala zibaki kijijini.

Msomaji wako,
Kihesa, Iringa